Kutoka Shimo la Maandishi hadi Britannia: Michezo ya Mtandaoni Ilivyoanza

Michezo ya kuigiza wahusika inayochezwa na maelfu ya watu kwa wakati mmoja kupitia intaneti, ambayo kila mchezaji humwongoza mhusika wake katika nchi ya kubuni inayoendelea na shughuli zake hata yeye anapokwenda kulala, hudhaniwa na wengi kuwa zao la miaka ya karibuni, ilhali mizizi yake imo katika vyumba vya kompyuta vya vyuo vikuu vya miaka ya 1970. Historia hiyo husimuliwa mara nyingi kwa kufuata ubora wa picha na kasi ya mitambo, lakini ukiichunguza kwa makini utaona kwamba mashine ziliwasumbua watungaji wake kwa muda tu, na kwamba suala gumu zaidi lilikuwa namna ya kuwatawala watu waliokwisha kukusanyika.

Katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kulikuwa na mtandao wa kufundishia ulioitwa PLATO, na kuanzia mwaka 1975 wanafunzi walianza kuandika humo programu za michezo ya mapangoni, wakiiga Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa mwaka 1974, ambao nguvu na afya ya kila mhusika huandikwa kwa tarakimu na matokeo ya mapambano huamuliwa kwa kurusha dadu. Mmoja wa michezo hiyo ulihifadhiwa kwa jina la pedit5, jina lililofanana na la faili la kazi za masomo, na wasimamizi walipougundua waliufuta, ukarudishwa, ukafutwa tena.

Mchezo uliofungua njia yenyewe hasa ni MUD, ulioanzwa mwaka 1978 na Roy Trubshaw katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, kisha ukaendelezwa na mwenzake Richard Bartle. MUD haukuwa na picha hata moja: skrini ilieleza kwa maneno chumba au njia aliyopo mchezaji, naye aliandika amri fupi kwenye kibodi, kama vile kwenda kaskazini au kuokota upanga, na alichokifanya kikaonekana papo hapo na wote waliokuwa mahali hapo. Hazina iliyopatikana ilibidi itupwe katika kinamasi ili igeuzwe kuwa pointi, na aliyekusanya pointi za kutosha alipanda cheo hadi kuwa mchawi, yaani mchezaji mwenye mamlaka ya kuwasimamia wengine. Aliyeuawa katika pambano alimpoteza mhusika wake moja kwa moja, pamoja na jasho lote alilotoa. Watu wa nje ya chuo waliruhusiwa kuingia kwa njia ya simu usiku wa manane, saa ambazo kompyuta haikuwa na kazi nyingi, na kwa hiyo jamii ya kwanza ya aina hii nchini Uingereza ilikuwa jamii ya watu wanaokesha. Bartle aliwatazama wachezaji hao na warithi wao kwa miaka mingi, na katika makala yake ya mwaka 1996 akawagawa katika makundi manne: wanaotafuta ushindi, wanaopenda kuvumbua, wanaokuja kuzungumza na wenzao, na wanaofurahia kuwaumiza wengine. Hili kundi la nne, ingawa kwa kawaida ni dogo, ndilo lililokuja kuwanyima usingizi watungaji.

Biashara iliingia mapema, lakini bei iliwazuia wengi. Island of Kesmai, uliotolewa mwaka 1985 kupitia huduma ya CompuServe, ulitozwa kwa saa, dola 6 kwa mwenye modemu ya polepole na dola 12 kwa mwenye modemu ya kasi zaidi, fedha ambazo mtu wa kipato cha kawaida asingeweza kuzimwaga kila jioni. Neverwinter Nights, uliokuwa katika huduma ya AOL kuanzia mwaka 1991, ulileta picha za rangi, nao pia ukalipiwa kwa saa. Mlango ulifunguka pale kampuni zilipoanza kutoza ada moja ya mwezi, kama ilivyokuwa kwa Meridian 59 mwaka 1996, na intaneti ilipoanza kuenea majumbani; mwaka huohuo, huko Korea Kusini, Nexus: The Kingdom of the Winds ukaanza safari yake.

Septemba 1997 kampuni ya Origin ya Austin, Texas, ilizindua Ultima Online, na hapo ndipo suala la utawala lilipojitokeza wazi. Nchi yake, Britannia, ilibuniwa kwa tamaa kubwa: watungaji walikusudia mbwa mwitu wawinde kondoo, na mawindo yakiisha porini wasogee karibu na miji, ili maisha ya wanyama yajiendeshe yenyewe. Wachezaji waliua kila kilichotembea, mara tu kilipozaliwa, na hesabu za mfumo huo zikailemea pia seva, yaani kompyuta kuu inayohifadhi mchezo, hata mpango wote ukaondolewa. Mwezi mmoja kabla ya uzinduzi, wakati wa majaribio, Richard Garriott, mtungaji mkuu aliyekuwa akimwigiza mfalme Lord British, alisimama hadharani mbele ya raia wake akiwa amesahau kuwasha kinga yake baada ya seva kuanzishwa upya, na mchezaji mmoja akamrushia uchawi wa moto, mfalme akaanguka akafa.

Mgeni aliyetoka nje ya mji akiwa na sururu ya kuchimbia madini alikuwa hatarini kuuawa na kuporwa kila alichobeba. Ndani ya mji aliweza kuandika neno moja la kuwaita askari, wakamwangamiza mhalifu papo hapo. Porini kanuni ilikuwa mwenye nguvu mpishe. Baadhi ya wachezaji waliunda vijiji na doria zao, jambo ambalo bila shaka ndilo zuri kuliko yote yaliyotokea Britannia, lakini doria hazikutosha, hata pale kampuni ilipoweka rangi nyekundu juu ya majina ya wauaji. Mwaka 2000 kampuni iliigawa nchi katika sehemu mbili: Felucca, mahali ambapo sheria za zamani ziliendelea, na Trammel, ambako hakuna aliyeweza kumshambulia mwenzake bila ridhaa. Wachezaji wengi walihamia Trammel.

EverQuest, uliotoka Machi 1999, haukusubiri somo hilo. Katika seva zake nyingi kumuua mchezaji asiyeridhia hakukuwezekana tangu siku ya kwanza, na waliotaka vita huria walitengewa mahali pao. Haukupita muda mrefu ukawa umeupita Ultima Online kwa idadi ya wateja.