Miaka kumi na moja, sheria tatu

Mtoto wa miaka 11 ameiba simu dukani. Akiwa Mombasa, hashitakiwi. Akiwa Unguja, kadhalika. Akiwa Tanga, anaweza kufikishwa Mahakama ya Watoto.

Kenya ndiyo iliyochelewa, kisha ikaruka mbali. Hadi mwaka 2022, Kanuni yake ya Adhabu ilimkinga mtoto wa chini ya miaka 8 tu. Sheria ya Watoto ya mwaka huo ikapandisha kiwango hadi 12. Zanzibar ilikuwa imeshafika hapo kwa Sheria ya Mtoto ya 2011. Tanzania Bara imebaki kwenye 10, ingawa Sheria yake ya Mtoto ya 2009 imepiga marufuku kumhukumu mtoto kifungo cha jela. Kushitakiwa, basi, si sawa na kufungwa.

Mjadala mwingi huishia kwenye namba hizo. Juu ya umri wa kinga, hata hivyo, upo ukanda wa pili: Bara ni miaka 10 hadi 12, Kenya na Zanzibar 12 hadi 14. Ndani yake sheria humchukulia mtoto kuwa hakuwa na uwezo wa kutambua kosa, mpaka upande wa mashtaka uthibitishe vinginevyo. Mtoto hatakiwi kuthibitisha chochote. Anaweza kukaa kimya na bado akaachiwa.

Sasa mashtaka watathibitishaje? Wataeleza kwamba alikimbia, tena simu ilikutwa chini ya godoro. Lakini mtoto huficha hata kikombe alichokivunja mwenyewe. Kuogopa fimbo na kuelewa kosa ni mambo mawili. Ushahidi wenye uzito hutoka kwa wanaomjua: mwalimu wake, mlezi wake, au afisa ustawi wa jamii aliyefika nyumbani akauliza anavyoishi na anavyosoma. Huo unataka muda, na jalada la wizi wa simu halipewi muda. Njia ya mkato ni kumgeukia mtoto: "Unajua kuiba ni vibaya?" Mtoto gani, mbele ya hakimu, atajibu hapana? Kwa swali moja tu, mzigo uliowekwa mabegani mwa serikali umehamia kwake.

Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ilizihimiza nchi mwaka 2019 ziweke kiwango kisichopungua 14, na ikakosoa mfumo huu wa ngazi mbili kwa kuwa unaiachia mahakama nafasi kubwa ya kuamua itakavyo. Mimi naona hoja hiyo ya pili ina nguvu kuliko ya kwanza. Kiwango kimoja kingeliondoa swali la hakimu kabisa, likabaki suala la umri.

Nalo si dogo. Sheria ya Bara inaitaka mahakama ichunguze umri wa anayeonekana kuwa mtoto, lakini kabla ya hapo kuna kituo cha polisi, ambako asiye na cheti cha kuzaliwa wala kadi ya kliniki anaweza kukadiriwa kwa macho. Aliye na miaka 11 akiandikwa 13, Mombasa atapoteza kinga kamili lakini ataangukia kwenye ukanda wa pili. Tanga atakuwa ameuvuka hata huo, na mashtaka hawatakuwa na la kuthibitisha kuhusu utambuzi wake.