Kidukari Anayekausha Misaipresi

Ukipita mji mdogo wa Mbalizi ukaona ua wa misaipresi umegeuka kahawia upande mmoja huku upande mwingine ungali kijani, usikimbilie kulaumu ukame. Fungua matawi, utazame gome la vijiti vya ndani. Ukikuta wadudu wa rangi ya kijivu na kahawia, wadogo kuliko punje ya mchele, wamejipanga kwa makundi, basi umemwona kidukari wa msaipresi. Wataalamu humwita Cinara cupressivora.

Mdudu huyu si wa kwetu. Inaaminika asili yake ni mashariki ya Ugiriki hadi kusini mwa Bahari ya Kaspi. Malawi ilimgundua mwaka 1986, akaonekana Tanzania mwaka 1988 na Kenya mwaka 1990. Msaipresi wenyewe nao ni mgeni: aina inayopandwa sana kwetu ilitoka Meksiko na Amerika ya Kati, ikaenea kwenye mashamba ya miti, nyua za shule na mipaka ya viwanja. Kidukari alipofika alikuta chakula tele, na maadui waliomdhibiti kwao hawakuwapo.

Madhara yake yana njia mbili. Kwanza, hufyonza utomvu unaosafirisha chakula cha mti, na mate yake huudhuru mti pale anapochoma. Kijiti hufa, kisha tawi, na mti ulioshambuliwa vikali hukauka wote. Pili, hutoa umajimaji mtamu unaodondokea majani. Juu yake huota ukungu mweusi kama masizi, nao huzuia mwanga, majani yasiweze kutengeneza chakula. Jike huzaa bila dume, tena huzaa watoto walio hai, hivyo kundi huongezeka upesi.

Hasara haiishii kwenye mbao. Kidukari hushambulia pia miti ya asili ya ukoo wa msaipresi, ukiwemo mtarakwa wa milima ya Afrika Mashariki. Nchini Malawi aliushambulia mwerezi wa Mlima Mulanje, ambao kwa asili hauoti mahali pengine popote duniani, na ambao tayari ulikuwa umeelemewa na moto na ukataji. Msaipresi wa shambani ukifa, mwenye shamba hupanda mwingine. Mti wa asili ukitoweka mlimani, viumbe wanaoutegemea hupoteza makazi, na miti iliyokauka huwa kuni za kulisha moto wa msituni.

Njia iliyotumika kumkabili ni kumletea adui yake. Mwaka 1994 Malawi iliachia nyigu mdogo aitwaye Pauesia juniperorum, ambaye hutaga yai ndani ya kidukari. Kiluwiluwi kikianguliwa humla akiwa hai. Kunyunyizia dawa miti mirefu ni gharama kubwa, na dawa hiyo huwaua pia nyigu hawa na wadudu wengine wanaomla kidukari.

Mwenye ua au shamba ana kazi nne. Kagua vijiti vya ndani, hasa wakati wa baridi na ukavu, makundi yanapokua. Usihamishe miche wala matawi kutoka mahali penye kidukari, kwa maana mdudu husafiri nayo. Usipande msaipresi mtupu. Changanya na miti mingine, hasa ya asili. Na ukiona dalili, mwite ofisa misitu wa wilaya kabla hujashika bomba la dawa.