Kupima kilele cha memori: chombo kipi, kwa gharama ipi?

Seva za kukodi huuzwa kwa gigabaiti za memori, na kinachoamua ukodi ngapi ni kilele: ile sekunde programu inapomeza memori nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Memori ikiisha, Linux huiua programu bila kuuliza, na kwenye kontena utaachiwa namba 137 tu. Wengi wakiiona namba hiyo hukimbilia seva kubwa zaidi. Kabla hujalipa, ijue sehemu ya programu inayokula hivyo.

Vyombo vyote ninavyovilinganisha hapa ni vya bure. Gharama yake ni mwendo unaopotea na mambo ambayo chombo hakiyaoni.

Cha kuanzia ni `/usr/bin/time -v` mbele ya amri yako. (Andika njia yote, maana `time` ya bash haijui `-v`.) Programu haitachelewa, na mwisho utapewa kilele kwa kilobaiti. Shida ni kwamba namba hiyo ni moja kwa programu nzima. Hata ukiita `getrusage` katikati ya programu, kilele hakishuki: sehemu ya kwanza ikishika megabaiti 200 na kuziachia, kisha ya pili ikahitaji 50 tu, mwisho wa ya pili bado utaambiwa 200 na ushei. Na ukihamia macOS, jibu la `getrusage` linakuja kwa baiti badala ya kilobaiti, usishtuke.

Kwenye Linux dawa ipo, nami naona haitumiki inavyostahili. Sehemu unayoipima inapoanza, andika tarakimu 5 ndani ya `/proc/self/clear_refs`. Kilele kinarudishwa kwenye matumizi ya wakati huo. Sehemu ikiisha, soma mstari wa `VmHWM` katika `/proc/self/status`. Gharama yake ni ndogo mno, na inahesabu hata memori iliyochukuliwa na maktaba za C. Ila kilichohamishiwa kwenye diski hakihesabiwi, na utajua kiasi bila kujua mlaji ni nani.

Wa Python wana `tracemalloc`, inayokuja na lugha yenyewe tangu toleo la 3.4, toleo la 3.9 likaongeza `reset_peak`, ndiyo inayofaa kupima sehemu kwa sehemu. Hukutajia faili na mstari. Lakini programu huwa nzito, chombo chenyewe hula memori, na maktaba ya C inayojichukulia memori bila kupitia Python haionekani kabisa.

`memory_profiler` bado inapendekezwa sana, kwa kuwa ripoti yake ya mstari kwa mstari inasomeka vizuri. Mimi nisingeichagua leo. Chukua safu `a` ya NumPy yenye namba milioni 100, kila moja baiti 8, kisha andika `(a * 2 + 1).sum()`. Katikati ya mstari huo inazaliwa safu ya muda ya megabaiti 800, na mstari ukiisha imeshatoweka. Ripoti inayopima mstari ukishamalizika itakuonyesha kama hakukuwa na kitu. Isitoshe, waliokuwa wakiitunza wameshatangaza kwamba hawaiendelezi tena.

Memray, iliyotolewa na Bloomberg mwaka 2022, hunasa kila ombi la memori, la C likiwemo, na `memray.Tracker` hukuruhusu kuizungushia sehemu moja tu ya programu. Mchoro wake huonyesha nani alishika nini kilele kilipofikiwa. Unalipa kwa faili la rekodi linaloweza kuvimba, na haiendi kwenye Windows.

Kwa C na C++ kuna Massif ya Valgrind. Programu itatambaa takriban mara 20 polepole kuliko kawaida, kwa hiyo ipe data kidogo. Kilele inachokitaja kinaweza kuwa chini ya kile halisi kwa hadi asilimia 1, na bila `--pages-as-heap=yes` haihesabu memori iliyoombwa moja kwa moja kwa `mmap`. Kwa programu inayochukua saa nzima kumaliza kazi, ningeanza na `VmHWM`, na Massif ningeiitia ile sehemu iliyoshukiwa tu.