Aliyezidisha Dawa za Usingizi: Pumzi Kwanza

Mgonjwa aliyemeza dawa za usingizi kupita kiasi huonekana kana kwamba amelala tu. Hapo ndipo penye hatari. Dawa hizi, kama vile diazepamu, au fenobabitali inayotumika kutibu kifafa, hupunguza utendaji wa ubongo. Dozi ikizidi, hasa ikichanganyika na pombe, misuli ya koo hulegea, ulimi huziba njia ya hewa na upumuaji hufifia. Kinachoua, mara nyingi, ni kukosa hewa.

Kwa hiyo, kazi ya kwanza hospitalini ni kulinda pumzi. Mhudumu hufungua njia ya hewa na kumpa mgonjwa oksijeni. Asipoweza kupumua vya kutosha, huwekewa mrija kooni na kusaidiwa na mashine. Hupimwa pia shinikizo la damu na sukari, kwani sukari ikishuka nayo hupoteza fahamu. Mboni za macho zilizosinyaa mno huashiria dawa za jamii ya afyuni, ambazo kiuasumu chake ni naloksoni.

Ndugu huuliza: “Daktari, hakuna sindano ya kumwamsha?” Ipo. Flumazenili hubatilisha kazi ya diazepamu na dawa za jamii yake, lakini haitolewi ovyo. Kwa aliyezizoea kwa muda mrefu, au aliyemeza pia amitriptilini, yaweza kuleta degedege. Nguvu yake huisha baada ya saa moja hivi, ilhali diazepamu hubaki mwilini kwa siku kadhaa. Wala haifai kitu dhidi ya fenobabitali.

Mkaa wa tiba, gramu 50 kwa mtu mzima, hufaa zaidi ndani ya saa moja tangu kumeza, iwapo mgonjwa ana fahamu timamu au amekwisha kuwekewa mrija. Vinginevyo waweza kuingia mapafuni. Kwa fenobabitali, mkaa huweza kurudiwa, na hali ikiwa mbaya sana damu husafishwa kwa mashine.

Nyumbani, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa. Mlaze kwa ubavu, mwahishe hospitali, na uchukue pakiti za dawa zote zilizokutwa.

Mgonjwa akiamka, tiba haijakwisha. Aulizwe kwa upole, faraghani, kama alikusudia kujidhuru, na aonwe na mtaalamu wa afya ya akili kabla ya kuruhusiwa. Kumkaripia hakumponyi, kumsikiliza huenda kukamwokoa mara ya pili.