Tarakimu Nne Zilindazo Akiba

Huduma ya kutuma fedha kwa simu iitwayo M-Pesa ilianza nchini Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata. Tangu hapo ada za shule, malipo ya mazao na akiba za familia hupita katika chombo kinachoenea kiganjani. Mlinzi wa mali hiyo ni namba ya siri, aghalabu yenye tarakimu nne tu. Je, ulinzi huo watosha?

Hesabu yatoa jibu. Kila nafasi yaweza kujazwa kwa tarakimu yoyote kati ya 10, kuanzia 0 hadi 9. Kwa hiyo namba zinazowezekana ni 10 × 10 × 10 × 10, yaani 10,000. Ikiwa mtambo huifunga akaunti baada ya makosa 3, uwezekano wa mwizi kubahatisha ni 3 katika 10,000.

Lakini hesabu hiyo ina sharti: kila namba iwe na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Watu hawachagui hivyo. Mwenye simu akitumia mwaka wake wa kuzaliwa, na mwizi akakisia kuwa ni kati ya 1950 na 2009, namba za kujaribiwa zapungua hadi 60. Majaribio 3 katika 60 ni sawa na 1 katika 20.

Hata hivyo, tapeli hodari habahatishi. Hupiga simu akijifanya mtumishi wa kampuni, hudai kwamba akaunti i karibu kufungwa, kisha humtaka mwenye simu aitaje namba yake upesi. Haraka ndiyo silaha yake, kwani aliyetaharuki hapati wasaa wa kujiuliza. Namba ikishatajwa, wingi wa zile 10,000 haufai kitu.

Ujuzi unaohitajika, basi, si kubonyeza vitufe tu. Ni kuelewa kwamba mtambo haumjui mwenye mali, huijua namba. Mtumishi halali hana haja ya kuiuliza. Apigiwaye simu ya namna hiyo na aikate, kisha yeye mwenyewe apige namba rasmi ya kampuni.

Mwalimu wa hisabati aweza kutoa zoezi, bila kumtaka yeyote aitaje namba yake: katika zile 10,000, ni ngapi zenye tarakimu zote sawa, na ngapi zinaanza kwa 19 au 20? Majibu ni 10 na 200. Mwanafunzi aliyeyapata atakuwa na la kuwaeleza wazee wake nyumbani.