Mjusi Wako Anamanga Vizuri Lakini Miguu Inapinda? Cheki Nyenje Wake Wanakula Nini

Mwaka jana kazo yangu mwenye anaishi Minnesota alinipigia video usiku wa manane. Mi nikadhani ni habari ya matanga. Kumbe ni mjusi.

Kazo anafuga geko, wale wijusi wa madoadoa ka chui wenye watu wa majuu huweka kwa nyumba venye sisi tunaweka paka. Anamwita Chapo. Sasa Chapo alikuwa ameanza kutembea ka guka wa miaka 90. Miguu ya mbele imepinda, taya imelegea, akirukia nyenje inamponyoka.

"Na si ati namnyima chakula," kazo akaniambia. "Kila jioni nyenje sita, na anamaliza."

Daktari wa wanyama ndiye alifungua hiyo kesi. Shida haikuwa idadi ya nyenje. Shida ni venye nyenje wenyewe walikuwa njaa. Walikuwa wanakaa kwa ndoo, trei ya mayai ya kujifichia na maganda ya waru, wakingoja siku yao ifike. Chapo alikuwa anashiba hewa.

Nyenje ni ka samosa

Fikiria samosa mbili za mtaani. Kwa nje zote zinafanana. Moja ina nyama, ingine ni kitunguu mbili na upepo. Nyenje ako hivyo tu. Ukimpea mjusi wako nyenje, humpei tu ganda na miguu. Unampea pia kila kitu iko ndani ya tumbo ya huyo nyenje. Kama hakuna kitu, umempea samosa ya upepo.

Na hata nyenje mwenye afya ako na kasoro moja kubwa. Mjusi anahitaji kalsiamu isiwe chini ya fosforasi, na poa zaidi ni ikikaribia mara mbili. Nyenje ni kinyume: fosforasi yake inashinda kalsiamu mara kadhaa. Mwili wa mjusi ukikosa kalsiamu kwa damu, unaenda kuitoa kwa mifupa, ka msee anabomoa keja yake apate kuni za kupika. Ndio maana taya inalegea na miguu inapinda.

Dawa ya kwanza ni rahisi: lisha nyenje ndio umlishe mjusi. Wape dishi ya maana saa 24 hadi 48 kabla ya siku yao, ndio waingie kwa mdomo ya mjusi tumbo ikiwa imejaa.

Waangushie nini?

Sukuma wiki. Ile ya kwa mama mboga. Ina kalsiamu ya kutosha na haina mchezo. Osha poa kwanza, juu kama shamba ilipigwa dawa ya wadudu, nyenje pia ni mdudu. Utaamka upate wote wamelala chali.

Karoti, malenge na viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Hizo ndio za kuleta ile rangi yenye mwili hugeuza kuwa vitamini A. Kata vipande vidogo.

Papai na machungwa. Kidogo tu, zaidi juu ya maji. Usiwawekee nyenje bakuli ya maji, watazama ndani. Kipande cha tunda ama pamba yenye umelowesha inatosha.

Maganda ya mayai. Usitupe. Chemsha, kausha, saga mpaka ikae ka unga wa ngano, halafu nyunyiza kwa hizo mboga. Hiyo ni kalsiamu ya bure.

Achana na nini?

Spinachi na terere. Najua mathee amekuambia zinaongeza damu, na hajakosea kwa upande wako. Lakini ziko na oksaleti, kitu yenye hushika kalsiamu na kuizuia isiingie mwilini. Mara moja si noma, ila usizifanye chakula ya kila siku.

Letasi ile nyeupe ya kuwekwa kwa baga ni maji imevaa nguo ya kijani. Unga ya ugali peke yake inashibisha tu. Na chakula ya mbwa ama paka, yenye wasee wengi hurushia nyenje juu ni rahisi kupata, ina protini na vitamini D nyingi kuliko mjusi anahitaji.

Usiokote wadudu nje pia. Mende wa jikoni huenda alikuwa ametoka kuonja dawa kwa jirani.

Mboga peke yake haitoshi

Hata ukiwalisha nyenje ka wageni wa harusi, bado kuna pengo. Ndio maana wafugaji huwapaka poda ya kalsiamu dakika ya mwisho. Weka nyenje kwa kikopo, rusha poda kidogo, tingisha, mpee mjusi hapo hapo. Ukichelewa, nyenje atajipangusa na poda itabaki sakafuni.

Halafu kuna vitamini D3. Bila hiyo, kalsiamu inapita tu ka matatu imejaa. Mjusi huipata kwa taa maalum ya miale ya UVB ama kwa poda yenye imechanganywa. Hapo uliza daktari kiasi, juu D3 ikizidi pia inaumiza.

Ukichoka na nyenje, mabuu ya BSF, wale wenye wakulima wa Kenya hufugia kuku na samaki, wako na kalsiamu nyingi tangu kuzaliwa. Lakini badilisha badilisha wadudu. Hata wewe huwezi kula githeri kila siku.

Kabla ukimbie Ngong na ndoo

Najua kuna msee tayari anafikiria yule kinyonga alimwona kwa ua wa shosho. Tulia. Hapa Kenya, sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema huwezi kuweka mnyama wa porini kwa nyumba bila kibali, na hao ni mambo ya KWS. Mjusi yeyote mwenye unataka kufuga, anzia huko. Yule wa ukutani mwachie ukuta, anakumalizia mbu bila malipo.

Na Chapo? Ako hai. Kazo siku hizi ana ndoo ya nyenje imejaa sukuma na karoti kuliko friji yake. Taya imekaza, anashika nyenje mara ya kwanza. Lakini miguu ya mbele haikunyooka, na daktari alisema haitanyooka. Geko akitunzwa anaweza kupita miaka 15, na Chapo ako na mitatu tu. Hiyo yote iliyobaki atatembea hivyo, juu ya maganda ya waru.

Kwa hivyo kama uko na mjusi, ama kazo yako majuu anaye, usingoje simu ya usiku. Funua ile ndoo leo uone nyenje wanamanga nini.