Utafiti wa Tiba: Njia Zilizo Wazi kwa Vijana wa Kilifi

Wengi wetu katika kaunti hii tumewahi kubishiwa hodi na mhojaji wa KEMRI. Anauliza nani amezaliwa tangu alipokuja mara ya mwisho, nani amehamia, nani amefariki. Majibu anayapata, chai anakaribishwa, kisha anakwenda nyumba ya pili. Kazi hiyo ya kuhesabu watu kwa ajili ya utafiti imeendelea hapa Kilifi tangu mwaka 2000. Lakini ukimuuliza mzazi kama bintiye aliye chuoni anaweza siku moja kuwa ndiye anayetunga maswali hayo, mara nyingi atacheka. Kwa wengi, mtafiti ni mgeni, naye mwenyeji ni wa kubeba mkoba na kuonyesha njia.

Makala haya yanaeleza jinsi kijana anavyoweza kuvuka upande wa pili. Yanawahusu wanafunzi wa vyuo, madaktari wapya, wauguzi, maafisa wa kliniki na wataalamu wa maabara.

Tuanze na kwa nini jambo hili lina uzito. Kwa miaka mingi, mwongozo wa kumtibu mtoto mwenye homa kali aliyeishiwa nguvu na damu yake kutozunguka vizuri ulisema apewe maji mengi ya mshipani kwa haraka. Hivyo ndivyo ilivyofanywa katika hospitali za nchi tajiri, na karibu kila daktari alifundishwa hivyo. Watafiti waliokuwa na makao Kilifi, wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland, waliamua kulipima jambo hilo katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, kwa zaidi ya watoto 3,100. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 na yakawashangaza hata wao. Katika kila watoto 100 waliopewa maji kwa haraka, takriban 10 au 11 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wale ambao hawakumiminiwa maji hayo, waliofariki walikuwa takriban 7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu ya tofauti hiyo.

Hebu fikiria: tiba iliyodhaniwa kuokoa ilikuwa inaua, na asingejua mtu kama swali lisingeulizwa katika wodi zetu wenyewe. Mgonjwa wa Kilifi ana malaria, ana upungufu wa damu, amefika hospitali akiwa amechelewa. Kitabu kilichoandikwa kwa mgonjwa mwingine hakiwezi kumjibu kila kitu. Anayemwona kila siku, anayejua lugha yake na njia aliyopitia kufika, ndiye mwenye nafasi nzuri zaidi ya kuuliza.

Kaunti yetu ina bahati ambayo kaunti nyingi hazina. KEMRI ilianzishwa mwaka 1979, na mwaka 1989 ikashirikiana na shirika la Wellcome la Uingereza na Chuo Kikuu cha Oxford kuanzisha mpango wa utafiti ubavuni mwa hospitali yetu mjini Kilifi. Hapa ni miongoni mwa mahali zilipojaribiwa chanjo mbili za malaria, RTS,S na R21, ambazo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza zitumike, ya kwanza Oktoba 2021 na ya pili Oktoba 2023. Wakenya waliopitia Kilifi wamefika mbali. Profesa Faith Osier, daktari aliyesomea Chuo Kikuu cha Nairobi, alijenga jina lake duniani kwa kuchunguza hapa jinsi mwili unavyojikinga na malaria.

Njia yenyewe huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Mpango huo wa utafiti umekuwa ukiwapokea baadhi ya vijana waliofanya vyema katika KCSE kwa miezi michache ya kujifunza kazi kabla ya kwenda chuoni. Mwanafunzi wa chuo anaweza kuomba kufanya mafunzo yake ya nyanjani katika maabara au idara ya takwimu. Aliyehitimu shahada ya kwanza anaweza kuwania nafasi za uanagenzi chini ya mafunzo yanayojulikana kama IDeAL, ambapo hufanya kazi na mtafiti mzoefu huku akisomea stashahada ya uzamili ya mbinu za utafiti wa afya pamoja na Chuo Kikuu cha Pwani. Baada ya hapo kuna ufadhili wa uzamili na uzamifu. Ushindani ni mkali, na anayekataliwa mara ya kwanza si wa kwanza wala wa mwisho.

Nje ya Kilifi pia kuna milango. KEMRI ina chuo chake cha uzamili kinachoshirikiana na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Wahadhiri wanaotafuta uzamifu katika vyuo wanachama, ambavyo kwa Kenya ni Nairobi na Moi, wana mpango wa CARTA ulioanzishwa mwaka 2008 na unaoongozwa kutoka Nairobi. Serikali ya kitaifa ina Hazina ya Kitaifa ya Utafiti. Muungano wa Ulaya nao hutoa ufadhili kwa watafiti wa Afrika kupitia EDCTP.

Je, kwa muuguzi aliye katika zahanati ya Ganze au Magarini, asiyeweza kuacha zamu yake? Hapa ndipo tungependa kukaa kidogo, kwa kuwa huyu ndiye anayesahaulika.

Cha kwanza anachohitaji ni simu yenye intaneti. Kozi ya kanuni za kuendesha utafiti kwa watu, ambayo karibu kila utafiti wa tiba hudai cheti chake, hutolewa bure kwenye mtandao na The Global Health Network. Inamalizika kwa saa chache, na unaweza kuisoma kwa vipande. Programu ya takwimu iitwayo R haiuzwi; unaipakua tu, ingawa kuizoea kunataka subira. AuthorAID huwaunganisha watafiti wachanga na wazoefu wa kuwasaidia kuandika, bila malipo. Vyuo na hospitali zilizosajiliwa na Research4Life husoma majarida ya tiba bure au kwa ada ndogo. Muulize mkutubi wa chuo ulichosomea.

Cha pili ni swali, na swali huwa tayari liko kwenye daftari la zahanati. Kwa nini akina mama wa kijiji fulani hukosa chanjo ya tatu ya watoto wao ilhali ya kwanza walikuja? Ni wangapi waliopewa rufaa mwezi uliopita, na wangapi walifika? Maswali kama hayo hayahitaji mashine ya mamilioni. Yanahitaji rekodi zilizojazwa vizuri na mtu mwenye nia. Liandike swali lako kwenye ukurasa mmoja, kisha mpelekee mtu anayejua zaidi yako. Ukurasa mmoja husomwa; kurasa ishirini huwekwa kando.

Ila rekodi za wagonjwa si mali yako kwa sababu tu uliziandika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za afya, kwa hivyo usipige picha daftari ukapeleka kwa rafiki aliye chuoni. Kila utafiti unaohusu watu lazima upitiwe na kamati ya maadili iliyoidhinishwa. KEMRI wanayo, na Chuo Kikuu cha Pwani pia. Baada ya hapo utahitaji leseni ya NACOSTI, na kabla ya kuanza kazi mashinani uijulishe ofisi ya Gavana, ya Kamishna wa Kaunti na ya Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti. Ni mzunguko mrefu, tunakiri. Lakini ndio unaomlinda jirani yako asifanyiwe majaribio bila ridhaa yake.

Kama umeajiriwa na kaunti na unataka kwenda masomoni, omba likizo ya masomo kwa maandishi kupitia msimamizi wako kabla ya kukubali nafasi. Usiondoke ukitumaini kwamba mambo yatajipanga nyuma yako. Anayeondoka bila ruhusa huhesabiwa kuwa ametoroka kazi, hata kama amekwenda kusoma. Soma pia masharti ya ufadhili: mengine hukufunga kurudi kulitumikia shirika kwa miaka kadhaa.

Tahadhari moja ya mwisho, kwa kuwa vijana wanalizwa. Mfadhili wa kweli hakuombi utume pesa kwa simu ili "kufungua faili" lako la ufadhili. Pia yapo majarida ya kitapeli yanayomwandikia mtafiti mpya barua pepe ya sifa tele, yakiahidi kuchapisha kazi yake ndani ya siku chache mradi alipe. Hulipi tu pesa. Kazi yako ya miaka miwili inazikwa mahali ambapo hakuna anayeisoma wala kuiamini. Ukipata barua kama hiyo, mwonyeshe msimamizi wako kwanza.

Nafasi za uanagenzi na masomo za KEMRI hutangazwa kwenye tovuti zao. Mzazi asiyetumia mtandao anaweza kumuuliza mwakilishi wa jamii wa KEMRI katika eneo lake. Wengine humkumbuka tu siku ya malalamiko, lakini kazi yake ni pamoja na kujibu maswali ya aina hii. Kijana atakayeomba aandae mapema nakala za vyeti, majina ya walimu wawili wanaoweza kumdhamini, na maelezo mafupi kwa maneno yake mwenyewe ya ugonjwa au tatizo moja analotaka kulichunguza.